NANI ALIYEMLIPA WAKILI?

Ndugu msikilizaji, mtu akikuletea kadi ya mchango wa harusi utanung'unika kidogo, utasema mwezi huu ni mrefu, lakini mwisho wa yote utatoa. Akikuletea daftari la rambirambi huulizi hata swali moja. Unaandika jina lako na kiasi ulichonacho. Sasa hebu fikiri mtu huyo huyo anabisha hodi jioni na kukuambia: "Kuna kijana yuko mahabusu, ameshtakiwa kosa kubwa, hana wakili, tunamchangia." Utafanyaje? Wengi wetu tutataka kwanza kujua kafanya nini. Tukishaambiwa alichoshtakiwa nacho, tutasema moyoni kwamba lisemwalo lipo, na mkono utatoka mfukoni mtupu.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuizungumzia leo: kazi ya kuchangisha fedha ili mtu asiye na uwezo apate wakili bila kulipa. Ni kazi ngumu kuliko kuchangia zahanati. Zahanati ikikamilika unaipiga picha, unabandika ukutani kibao chenye jina la mfadhili, na mkuu wa wilaya anakuja kukata utepe. Mshtakiwa aliyeachiwa huru huondoka zake mahakamani akapotelea mtaani, na fedha zilizomtetea hazionekani tena popote. Akifungwa, ndiyo kabisa: mchangiaji anaona kama kamwaga maji mchangani.

Historia nayo haijawatendea haki watu wa kazi hii. Washtakiwa wakubwa tunawajua kwa majina. Mawakili wao tunawajua. Mahakimu tunawajua, hata kama ni kwa ubaya. Lakini aliyezunguka na kibakuli mkononi ili kesi iendelee, huyo ni nani?

Nitachukua mfano wa Afrika Kusini. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tuliwaimba Makaburu alfajiri kwenye mchakamchaka, tukiahidi kuwashughulikia, nasi hata ramani ya nchi yao hatukuwa tumeiona. Katika nyimbo zile tuliimba bunduki. Sikumbuki wimbo hata mmoja uliotaja ada ya wakili.

Tarehe 5 Desemba, 1956, alfajiri, polisi wa Afrika Kusini walianza kugonga milango nchi nzima. Hatimaye watu 156 wakakusanywa Johannesburg na kushtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Walikuwapo Waafrika, Wahindi, Machotara na Wazungu. Alikuwapo Chifu Albert Luthuli, alikuwapo Profesa Z. K. Matthews, walikuwapo Walter Sisulu na Oliver Tambo, na wakili kijana mrefu aitwaye Nelson Mandela. Ukumbi wa kawaida wa mahakama usingewatosha, kwa hiyo walipelekwa kwenye jengo la mazoezi ya kijeshi. Walipopewa dhamana, nayo ilifuata rangi: ya Mzungu ilikuwa kubwa kuliko ya Mhindi, na ya Mhindi kubwa kuliko ya Mwafrika.

Sasa piga hesabu. Watu 156, wengi wao wakiwa walimu, makarani, madereva, washonaji, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Siku wanayokaa kizimbani ni siku wasiyokwenda kazini. Waajiri hawangojei. Kodi ya nyumba inadaiwa, watoto wanataka sare na daftari. Na juu ya hayo yote serikali imeleta maelfu ya nyaraka kama vielelezo, na kila karatasi inabidi isomwe na wakili anayelipwa kwa siku. Serikali haikuhitaji hata kushinda kesi ile. Ilitosha kuiendesha polepole mpaka watu wale wachakae.

Na ndivyo ilivyoendeshwa. Uchunguzi wa awali peke yake ulichukua mwaka 1957 wote. Baadhi ya washtakiwa wakafutiwa mashtaka, waliobaki wakahamishiwa Pretoria mwaka 1958, mwendo wa karibu kilometa 60 kutoka nyumbani kwao, wakawa wanasafirishwa kwa basi kwenda na kurudi siku za kesi. Hukumu ya kundi la mwisho la watu 30 ilitolewa tarehe 29 Machi, 1961. Wote hawakuwa na hatia. Miaka minne na zaidi, kisha unaambiwa nenda nyumbani.

Walimaliza vipi miaka ile minne bila kusambaratika? Jibu linaanzia London, kwa kasisi mmoja wa Kianglikana.

Kanoni John Collins alizaliwa mwaka 1905 katika jimbo la Kent, Uingereza. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa kasisi wa jeshi la anga, na vita vilipokwisha alianzisha chama kilichoitwa Christian Action. Tangu mwaka 1948 alikuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, kanisa la fahari, ambalo waumini wake wengi wangependa kasisi wao ahubiri juu ya mbinguni na aiache siasa mlangoni. Collins hakuiacha. Mwaka 1952, watu wa Afrika Kusini walipoanza kuvunja kwa makusudi sheria za ubaguzi na kujazwa magerezani, aliwaomba Waingereza wachangie familia za wafungwa. Mwaka 1954 alikwenda mwenyewe kuona kwa macho.

Habari za wale 156 zilipomfikia alimjulisha Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg kwamba atafute mawakili bora waliopo, na gharama yeye Collins angezitafuta. Ahadi ilitangulia, fedha zikafuata. Hapo ndipo pana siri ya kwanza ya kazi hii, na naomba tuiangalie vizuri. Mtu akisubiri fedha zitimie ndipo aweke wakili, kesi itakuwa imekwisha. Mchangishaji anakopa kwa jina lake. Akishindwa kulipa, jina ndilo litakalouzwa mnada.

Johannesburg kwenyewe Askofu Reeves, mwandishi Alan Paton na mbunge Alex Hepple walisimamia Mfuko wa Utetezi. Na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuchangisha alikuwa mama mmoja aitwaye Rica Hodgson. Huyu alizaliwa Johannesburg mwaka 1920, katika familia ya Kiyahudi. Kazi ya kuomba fedha aliianza ujana wake, katika chama cha askari waliopigana vita vya pili, kilichoitwa Springbok Legion, na huko ndiko alikokutana na mumewe, Jack Hodgson. Sasa Jack alikuwa mmoja wa wale 156. Kwa hiyo Rica aliposimama mbele ya mtu kumwomba pauni, alikuwa anaomba pia kwa ajili ya baba wa mtoto wake. Sidhani kama kuna mafunzo ya uchangishaji yanayoweza kumfundisha mtu jambo hilo.

Wasio na fedha walichanga kwa mikono. Akina mama wa jumuiya ya Kihindi walipika chakula cha mchana na kukileta mahakamani. Hiki nacho ni msaada wa kisheria, ingawa hakuna kitabu cha sheria kinachokiita hivyo. Mshtakiwa mwenye njaa hamsikilizi wakili wake.

Hata hivyo palikuwa na swali gumu, na wanaharakati waliulizana. Kwa nini tuwalipe mawakili wasimame katika mahakama ya Makaburu? Kufanya hivyo si kuipamba mahakama ile, ikaonekana mbele ya dunia kuwa ya haki? Mimi naona swali lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake halikupatikana kwa nadharia. Lilipatikana kizimbani. Palipo na wakili, polisi aliyempiga mtu analazimika kuulizwa maswali hadharani. Waandishi wa habari wanaandika. Familia inajua ndugu yao yuko gereza gani na kama bado yu hai. Pasipo na wakili, hasa katika miji midogo ya Cape ya mashariki ambako kesi nyingi za miaka ya 1960 zilipelekwa makusudi mbali na macho ya watu, mtu aliweza kuhukumiwa miaka mingi ndani ya saa chache na asijue hata ameshtakiwa kwa kifungu gani.

Mwaka 1960, tarehe 21 Machi, polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Hali ya hatari ikatangazwa, maelfu wakakamatwa. Mfuko wa Collins ukabadilika kutoka mfuko wa kesi moja ukawa mfuko wa kudumu, na mwaka 1964 ukawa wa kimataifa, ukijulikana kama Mfuko wa Kimataifa wa Utetezi na Misaada. Wakati huo kesi iliyokuwa ikisikilizwa Pretoria ilikuwa ya Rivonia. Mawakili walikuwa Bram Fischer, Vernon Berrangé, George Bizos, Arthur Chaskalson na Joel Joffe. Tarehe 12 Juni, 1964, Mandela, Sisulu na wenzao sita walihukumiwa kifungo cha maisha. Walimwengu wengi walitarajia kitanzi. Siwezi kusema mawakili peke yao ndio waliokizuia. Kelele za dunia nazo zilisaidia. Lakini kelele za dunia zinahitaji kesi inayoendelea, iliyo wazi, yenye maneno ya kunukuu, na kesi ya namna hiyo ina gharama.

Serikali ya Makaburu ilielewa jambo hili mapema kuliko marafiki wengi wa ukombozi. Tarehe 18 Machi, 1966, ilipiga marufuku mfuko huo nchini Afrika Kusini kwa kutumia sheria ya kupambana na ukomunisti. Tangu siku hiyo wakili aliyepokea senti ya Collins kwa kujua alikuwa anahatarisha kazi yake na uhuru wake. Rica na mumewe walikuwa wamekwisha kukimbia nchi kupitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, baada ya kufungiwa nyumbani kwao kwa amri ya serikali. Alikuwa London, na kazi yake ilikuwa ile ile, katika ofisi ya mfuko.

Sasa, ndugu msikilizaji, sogeza kiti karibu, maana hapa ndipo mambo yalipokuwa kama hadithi ya majasusi.

Mfuko ulifanyaje kuwalipa mawakili ambao hawakuruhusiwa kulipwa na mfuko? Collins, pamoja na mwanamke mmoja wa Afrika Kusini aliyeitwa Phyllis Altman, ambaye aliwahi kuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na mwandishi wa riwaya, na wakili mmoja wa London, William Frankel, waliunda mtambo wa ajabu. Huyu Frankel katika mazungumzo ya mfuko alitajwa kwa jina la Bwana X tu. Wajumbe waliopitisha fedha hawakujua ni nani.

Mtambo ulikwenda hivi. Phyllis Altman alifuatilia nani kakamatwa wapi. Akampa Bwana X jina la mshtakiwa. Bwana X akapitisha fedha, kupitia benki ya Uswisi, hadi kwenye amana zilizoandikishwa kihalali, zenye majina ya kizuri na watu wa heshima mbele yake. Mmoja wa watu hao alikuwa Lord Campbell wa Eskan, tajiri wa sukari ambaye hakuna polisi angemdhania. Kisha kampuni nyingine ya mawakili ya London, isiyohusiana na Collins hata kidogo, ikamwandikia wakili wa Johannesburg au Durban barua kavu ya kikazi: mteja wetu ameguswa na kesi ya fulani, naye yuko tayari kugharamia utetezi wake, tafadhali tujulisheni ada yenu. Wakili wa Afrika Kusini angeweza kuapa mahakamani, bila kusema uongo, kwamba hajui fedha zinatoka kwa Collins. Alikisia, bila shaka. Lakini kukisia si kujua, na sheria inataka kujua.

Angalieni jambo hili lilivyombana mchangishaji. Kazi yake siku zote ni kumwambia mfadhili: toa, na nitakuonyesha fedha yako imefanya nini. Collins hakuweza kumwonyesha mtu yeyote chochote. Akitaja wakili, wakili anakamatwa. Akitaja njia, njia inazibwa. Alizunguka Ulaya akiomba mamilioni na mkononi hana stakabadhi ya kutoa zaidi ya neno lake na hesabu zilizofumbwa. Sweden ilikuwa serikali ya kwanza kumwamini, kisha zikafuata nyingine, Norway, Denmark, Uholanzi. Desemba 1965 Umoja wa Mataifa uliunda mfuko wake wa amana kwa ajili ya Afrika Kusini, na Mhindi mmoja mtulivu, E. S. Reddy, aliyekuwa katibu wa kamati ya Umoja huo ya kupinga ubaguzi, akawa msaada mkubwa wa kuhakikisha fedha hizo zinamfikia Collins.

Leo mfadhili anadai ripoti ya robo mwaka, jedwali la matokeo, picha za wanufaika na idadi ya waliohudhuria semina. Sisemi ni vibaya. Fedha za umma zinaliwa, tunajua. Nasema tu kwamba kwa masharti hayo Collins asingemtetea mtu hata mmoja baada ya mwaka 1966.

Alikuwa na sharti lake mwenyewe pia, na hapo alikuwa mkali. Fedha zilikuwa za mawakili na familia. Hazikununua risasi. Na zilimtetea yeyote aliyeshtakiwa kwa kupinga ubaguzi, awe wa ANC, awe wa PAC, awe mliberali wa Kizungu. Vyama vile havikupendana, na kila kimoja kilikuwa na malalamiko yake kwamba mwenzake anapewa zaidi. Collins alikuwa na marafiki zaidi ANC, wala hakulificha hilo. Lakini katika orodha ya kesi hakuuliza kadi ya chama.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa familia, na huko ndiko Rica Hodgson alikokuwa. Mume akifungwa kisiwa cha Robben, mkewe amebaki Soweto au kijijini Transkei na watoto watano. Mfuko haukuweza kumtumia chochote. Basi wakatafutwa watu wa kawaida, mamia kwa mamia, Uingereza na nchi nyingine: mwalimu mstaafu, mke wa daktari, mwanafunzi. Kila mmoja akapewa jina la familia moja au mbili, na fedha za kutuma kwa hawala ya posta, na maelekezo ya kuandika barua kama rafiki. Andika habari za hali ya hewa, za bustani, za wajukuu. Usitaje siasa. Usitaje mfuko, hata siku moja. Majibu yalipokuja, barua zilipelekwa ofisini zikasomwa na kuhifadhiwa, ili ofisi ijue mtoto yupi anaumwa na nani anadaiwa ada ya shule.

Kwa hiyo mama mmoja wa Port Elizabeth aliamini kwamba katika mji fulani wa Uingereza kuna bibi mwenye moyo wa huruma, anayemkumbuka kutoka mfukoni mwake. Hakujua kwamba fedha zimetoka Stockholm, zimepita Uswisi na London. Lakini bibi alikuwapo kweli, na barua alizoandika zilikuwa zake kweli. Wengine waliandikiana miaka ishirini.

Makaburu walijaribu sana kuuvunja mtambo huu. Jasusi wao, Craig Williamson, alijipenyeza katika shirika jingine lililosaidia wanafunzi wakimbizi, lenye makao Geneva, akapanda hadi kuwa naibu mkurugenzi. Kutoka hapo alitafuta mlango wa kuingilia kwa Collins. Hakuupata. Januari 1980 alifichuliwa, na shirika lile la Geneva likafa kwa aibu. Mtu huyu hakuwa wa mchezo: baadaye alikiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kuhusika na bomu la kwenye barua lililomuua Ruth First mjini Maputo, Agosti 1982. Ruth First alikuwa mmoja wa wale 156 wa mwaka 1956. Ndiyo maana nasema usiri ule haukuwa mapambo.

Nitaje kesi moja nyingine, kwa kuwa ina harufu ya nyumbani. Mwaka 1966 wapiganaji wa SWAPO walianza vita Namibia, na baadhi yao walikuwa wamepitia kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka uliofuata Wanamibia 37, Toivo ya Toivo akiwa miongoni mwao, walipandishwa kizimbani Pretoria, nchi ambayo si yao, kwa sheria ya ugaidi iliyotungwa Juni 1967 na kurudishwa nyuma miaka mitano ili iwakamate kwa mambo waliyoyafanya kabla haijakuwapo. Wakili Joel Carlson aliwatetea, na fedha zilimfikia kwa ile njia ya barua kavu za London. Februari 1968 walihukumiwa, wengi kifungo cha maisha. Hakuna aliyenyongwa.

Collins alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1982. Aliyeshika kiti chake alikuwa Trevor Huddleston, ambaye wazee wa Mtwara na Lindi hawahitaji kutambulishwa, maana alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Mfuko uliruhusiwa tena Afrika Kusini mwaka 1990 na kufungwa mwaka 1991. Kiasi kinachotajwa kuwa kilipitishwa katika robo karne ile ni kama pauni milioni 100.

Kuna njia nyingine iliyotumika huko huko, ya wazi, na ni haki kuitaja. Mwaka 1979 Arthur Chaskalson, yule wa Rivonia, pamoja na Felicia Kentridge na Geoff Budlender, walifungua Johannesburg kituo cha mawakili wasiotoza wateja wao ada. Felicia Kentridge alikuwa mwanasheria, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake ilikwenda katika kutafuta fedha kwenye taasisi za Marekani kama Ford, Carnegie na Rockefeller. Kituo hicho kilichagua kesi chache zenye mizizi mirefu. Mwaka 1983 kilishinda kesi ya mfanyakazi aitwaye Rikhoto, na kwa hukumu ile wafanyakazi wengi wa Kiafrika wakapata haki ya kuishi mjini bila kufukuzwa kama kuku. Wapo waliowadharau kwamba wanatumia fedha za mabepari. Ukimuuliza mtu aliyeacha kukamatwa kwa ajili ya pasi, sijui kama angekuuliza kwanza noti zilikotoka.

Nchi ilipokuwa huru Chaskalson akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba. Na katiba ya mwaka 1996 imeandika kwamba mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali, pale ambapo bila wakili dhuluma kubwa ingetokea. Kwa maneno mengine, kibakuli cha Collins kimehamishiwa kwenye bajeti ya taifa. Je, kinajazwa kama ilivyoandikwa? Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Na kwetu? Tulianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kuwapatia mawakili washtakiwa maskini katika kesi za jinai, na mwaka huo huo Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaunda kamati yake ya msaada wa kisheria. Majirani zetu wa Kenya wakawa na Kituo cha Sheria mwaka 1973. Kisha yakaja mashirika ya wanasheria wanawake na ya haki za binadamu. Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale akina mama na vijana wanaokaa na mjane kijijini na kumwandikia barua kwenda baraza la ardhi.

Lakini tazama fedha zao. Mfuko mkubwa ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya kuwawezesha wasaidizi hao ulianza kwa fedha za Denmark. Wengine wameishi kwa Waswidi, Waholanzi, Umoja wa Ulaya, Wamarekani. Mfadhili akibadili sera huko kwake, mjane wa Kilosa anakuta ofisi ina kufuli. Nimewahi kuuliza swali hili kwa watu wa fani: kwa nini hamtuombi sisi, wananchi wa mjini wenye mishahara? Jibu nililopewa ni kicheko. Walisema tukiomba kwa ajili ya mtoto mwenye tundu kwenye moyo tunapata ndani ya siku mbili. Tukiomba kwa ajili ya mtu aliye rumande, watu wanauliza kafanya nini.

Collins naye aliulizwa hivyo hivyo, kila mahali alikokwenda. Waingereza wengi waliamini kwamba mtu hashtakiwi uhaini bure. Jibu lake lilikuwa kwamba hatoi fedha kwa sababu anajua mtu huyu hana kosa. Kujua hilo ni kazi ya mahakama, na mahakama haiwezi kuifanya ikiwa inasikia upande mmoja.

Nimalizie kwa Rica Hodgson. Baada ya miaka yake ya London, na baada ya mumewe kufariki, alikuja Tanzania, akafanya kazi Mazimbu, Morogoro, katika shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979. Shule ile tulikabidhiwa mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wanaopita hapo na madaftari yao wengi hawajui alikuwapo. Vyama vilipofunguliwa alirudi Johannesburg, umri wake ukiwa umevuka miaka 70, akapewa meza na simu katika ofisi ya ANC. Alikuwa katibu muhtasi wa mzee mmoja aliyetoka kifungoni baada ya miaka 26, ambaye mwaka 1956 jina lake lilikuwa katika ile orodha ya watu 156 aliyoizunguka nayo mjini akiomba pauni. Mzee huyo ni Walter Sisulu.